Kununua viazi bila kufika Uyole: gharama halisi ya kukaa nyumbani wakati wa korona

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam anaweza leo kununua magunia 100 ya viazi mviringo katika soko la Uyole, jijini Mbeya, bila kukanyaga Nyanda za Juu Kusini. Anapiga simu, anatuma fedha, anasubiri lori. Utaratibu huu ulikuwepo hata kabla ya mwaka 2020, lakini ni ugonjwa wa UVIKO-19 uliowalazimisha wengi kuutegemea, hasa wenye umri mkubwa na wenye maradhi ya kudumu, ambao waliishi miezi 16 bila chanjo.

Swali la makala haya ni moja: biashara hiyo ya mbali ilimgharimu nani, na kwa kiasi gani? Jibu lina manufaa hata sasa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya UVIKO-19 imekwisha, lakini magonjwa ya mlipuko hayajakwisha. Mkoa wa Kagera ulikumbwa na Marburg Machi 2023 na tena Januari 2025. Mfanyabiashara asiyejua bei ya kukaa nyumbani atailipa mara ya pili bila kuiona.

SOKO HALIKUFUNGWA

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata serikali ilifunga shule, na Machi 18 ikafunga vyuo. Masoko, mabasi, viwanda na nyumba za ibada viliachwa wazi. Wakati Rwanda ilikuwa imewafungia watu majumbani, na Kenya imezuia watu kuingia na kutoka Nairobi, Rais John Magufuli alikataa njia hiyo kwa hoja kwamba uchumi usingeweza kuihimili.

Kwa mfanyabiashara, uamuzi huo ulikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza, mzigo uliendelea kupita. Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, dhidi ya asilimia 7.0 mwaka 2019. Mwendo ulipungua, haukusimama. Upande wa pili, kwa kuwa hapakuwa na amri ya kubaki nyumbani, kila mtu alijiamulia mwenyewe, tena bila takwimu. Tanzania Bara iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili 2020. Mfanyabiashara aliyezoea kuuliza bei ya jana kabla ya kupakia leo, alitakiwa kupima hatari ya maisha yake bila bei ya jana wala ya leo.

Maisha ya kila siku yakajipanga yenyewe. Kwenye milango ya masoko na stendi, kuanzia Mwanjelwa hadi Iringa mjini, ziliwekwa ndoo zenye koki na sabuni. Mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge. Malimao na tangawizi vilipanda bei, na majumbani watu walijifukiza nyungu. Wengine walivaa barakoa wakiwa ndani ya basi tu na kuivua wakishuka. Lakini aliyekuwa na mtaji na simu alikuwa na njia moja zaidi, ambayo mbeba mizigo wa Uyole hakuwa nayo: kutokwenda sokoni kabisa.

CHAI ILIWEZA, VIAZI VILISHINDWA

Habari za kufanya kazi ukiwa mbali zilipovuma mwaka 2020, wengi walidhani ni suala la kompyuta na intaneti. Mazao ya Nyanda za Juu Kusini yanaonyesha kwamba suala la kwanza ni bidhaa yenyewe.

Tuanze na chai. Sehemu ya chai ya Mufindi na Rungwe imekuwa ikiuzwa kwa miaka mingi katika mnada wa Mombasa. Mnada ule ulizoea kuwakusanya madalali na wanunuzi ukumbini kila wiki. Mwaka 2020, kwa shinikizo la ugonjwa, ulihamia kwenye kompyuta, na mnunuzi akawa anatoa bei akiwa ofisini kwake au nyumbani. Hilo liliwezekana kwa sababu chai ilikuwa imeshazoea kuuzwa bila shehena nzima kuonekana. Kila fungu lina namba, jina la kiwanda, daraja na uzito, na sampuli huwafikia wanunuzi kabla ya siku ya mnada, wakaionja wenyewe. Kilichohama ni zile sauti za kupandishiana bei tu.

Mchele wa Mbarali uko katikati. Mwenye mashine ya kukoboa pale Igurusi anaweza kupakia kilo moja ya sampuli kwenye basi, nayo ikafika Dar es Salaam ndani ya siku moja. Mnunuzi anaupika, anaonja, anatuma fedha. Hatari inayobaki ni kwamba sampuli inaweza kuwa safi na mzigo ukawa mchanganyiko. Hata hivyo mchele hauozi njiani, hivyo ugomvi wake unaweza kusubiri.

Mbao za Mafinga nazo zinauzika kwa simu, maana zina vipimo vinavyojulikana vya inchi na futi. Kinachofichika ni ubichi wake, na mnunuzi huugundua mbao zikishapinda.

Sasa tuje kwenye viazi. Viazi sokoni havina daraja linaloaminika na pande zote mbili. Gunia nalo si kipimo. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, lakini lumbesa haijafa, na gunia la muuzaji mmoja si gunia la mwingine. Juu ya gunia unaweza kukuta viazi vikubwa na vikavu, na chini yake vilivyokatwa na jembe, vya kijani au vilivyochimbwa mvua ikinyesha. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kiazi kimoja kilichoanza kuoza hakifiki peke yake. Nyanya za Ilula, mkoani Iringa, zina tabia mbaya zaidi, ingawa safari yake ni fupi.

Kanuni inayotokana na hayo ni rahisi. Bidhaa inayoweza kuelezwa kwa maneno na namba, na mtu asiyeiona akaamini, hununuliwa kutoka mbali kwa gharama ndogo. Isiyoelezeka hivyo inahitaji macho. Ukikosa kupeleka macho yako, utakodi ya mtu mwingine.

HESABU YA MAGUNIA 100

Tuchukue mfano wa hesabu ili msomaji aone gharama inakaa wapi. Tarakimu hizi ni za kurahisisha tu, si bei za soko za wiki hii.

Tuseme gunia la viazi Uyole ni shilingi 60,000. Usafiri hadi Dar es Salaam ni shilingi 10,000 kwa gunia. Kupakia, kushusha na ushuru ni shilingi 4,000. Gunia moja likifika linakuwa limekula shilingi 74,000, na magunia 100 ni shilingi 7,400,000.

Njia ya kwanza: mfanyabiashara anasafiri. Nauli, gesti na chakula kwa siku nne ni shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 7,600,000. Kwa kuwa amefungua magunia na kuchagua, anapoteza mawili tu kwa kuoza. Anauza 98 kwa shilingi 90,000, anapata shilingi 8,820,000. Faida ni shilingi 1,220,000.

Njia ya pili: anabaki nyumbani. Anamlipa mtu wa kumnunulia shilingi 2,000 kwa gunia, yaani shilingi 200,000, sawasawa na gharama ya safari. Anaongeza shilingi 40,000 za kutuma na kutoa fedha kwa simu. Jumla ni shilingi 7,640,000. Lakini magunia manane hayauziki. Anauza 92, anapata shilingi 8,280,000. Faida ni shilingi 640,000.

Tofauti ya faida ni shilingi 580,000, karibu nusu nzima. Angalia imetoka wapi. Gharama zinazoonekana kwenye daftari zimeongezeka kwa shilingi 40,000 tu. Zilizobaki, shilingi 540,000, ni magunia sita ambayo macho ya mwenye mali yangeyakataa pale pale Uyole. Wengi waliolalamika kwamba biashara ya simu inaliwa na makato ya kutuma fedha walikuwa wanahesabu sehemu ndogo ya hasara yao.

MACHO YA KUKODI

Mwandishi wa makala haya anaifahamu hesabu hiyo kwa karibu. Machi 2020 nilikuwa mwanafunzi wa biashara, na vyuo vilipofungwa nilirudi nyumbani Uyole. Mjomba wangu, aliyekuwa akiuza viazi Dar es Salaam, alikuwa na miaka 58 na ugonjwa wa kisukari. Shangazi, mkewe, alimkataza kupanda basi. Mimi nikawa macho yake.

Kila asubuhi alipiga simu kabla sijanywa chai. "Mjomba, usifungue gunia la juu," alikuwa akisema. "Fungua la katikati, kisha lile ambalo mwenyewe hataki ulifungue." Kwa wiki kumi tulipata mizigo mizuri. Sikudai ujira, na hapo ndipo kosa letu la kihesabu lilipoanzia, kwa sababu daftari la mjomba lilionyesha kwamba kununua kwa simu ni rahisi kuliko kusafiri. Halikuonyesha kwamba kulikuwa na kijana wa miaka 22 anayesimama sokoni kutwa nzima bure, na anayerudi jioni kulala nyumba moja na bibi yake.

Vyuo vilifunguliwa Juni 1, 2020, nikaondoka. Mjomba alimkabidhi kazi mzee mmoja, dalali wa siku nyingi, kwa ujira wa shilingi 2,000 kwa gunia. Mzee yule alikuwa mkweli. Alipiga simu hata kukataza: "Leo usitume hela, viazi vimelowa." Kwa miezi minane mizigo haikutusumbua.

Februari 2021 mzee hakupokea simu kwa siku tatu. Siku ya nne ilipokelewa na binti yake, akasema baba yuko hospitali kwa changamoto ya kupumua. Hakurudi nyumbani. Hakuna aliyetuambia alipimwa nini, nasi hatukuuliza msibani. Alikuwa mkubwa kwa mjomba kwa miaka kadhaa.

Mjomba alitafuta mtu mwingine kwa haraka, maana alikuwa na wateja wanaosubiri. Akatuma fedha za magunia 120 kwa mtu aliyependekezwa kwa simu. Mzigo ulifika ukiwa na magunia 31 yasiyofaa hata kwa wapika chipsi. Simu ya mnunuzi yule ikawa haipatikani. Mjomba aliuza yaliyobaki kwa bei ya hasara, na kwa miezi miwili alifanya biashara kwa nusu ya mtaji.

Ninayaeleza haya kwa sababu yapo mambo mawili ambayo hesabu ya darasani huyaficha. La kwanza, uaminifu wa mzee yule ulikuwa na thamani ya fedha, na tuliijua thamani hiyo siku ulipokosekana. La pili, mjomba hakuiondoa hatari ya ugonjwa katika biashara yake. Aliihamisha. Ilitoka kwake ikaenda kwangu, kisha kwa mzee, kwa shilingi 2,000 kwa gunia.

BENKI KUU, SIMU NA TOZO

Fedha ziliwezaje kusafiri bila mwenyewe? Kabla ya ugonjwa kuingia, laini zote za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Zoezi lile lililalamikiwa sana, lakini liliacha faida moja kwa mfanyabiashara: namba unayoitumia fedha ilikuwa na jina la mtu anayefahamika.

Mei 12, 2020, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kulegeza masharti ya fedha. Kiwango cha miamala ya simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, na salio la juu kwa siku kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Katika mfano wetu wa shilingi 7,400,000, mnunuzi aliyehitaji siku tatu kutuma fedha zote kwa laini moja, sasa alihitaji siku mbili. Kwa bidhaa inayobadilika bei kati ya asubuhi na jioni, siku moja ni kitu kikubwa.

Hatua nyingine za siku ile ziliwahusu wenye mabenki, lakini mwekezaji mdogo hana budi kuzielewa. Kiasi cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka Benki Kuu kilipunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6, ili zibaki fedha zaidi za kukopesha. Riba ambayo Benki Kuu huyatoza mabenki yakienda kukopa ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Mabenki yaliruhusiwa pia kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Aliyekuwa na mkopo wa duka au lori na akaenda benki mapema kuomba kupangiwa upya, alikuwa na mlango. Aliyesubiri hadi akashindwa kulipa alikuta mazungumzo ni magumu zaidi.

Kisha ikaja hatua iliyokwenda kinyume. Julai 15, 2021 zilianza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kwa kutuma na kwa kutoa. Mnunuzi wa mbali aliguswa mara mbili, fedha zilipotoka Dar es Salaam na zilipotolewa kwa wakala Uyole. Aliyefunga noti kiunoni na kupanda basi hakulipa chochote. Yaani wiki mbili kabla ya chanjo kuanza kutolewa, gharama ya kukaa nyumbani ilipandishwa na ya kusafiri ikabaki palepale. Tozo hizo zilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, na zikapunguzwa tena katika bajeti ya mwaka uliofuata.

IRINGA: WAPANGAJI WALIPOONDOKA

Kwa mwekezaji mdogo wa Iringa mjini, pigo la mwaka 2020 halikutoka sokoni. Lilitoka vyuoni. Mji huo una Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Kuzunguka vyuo hivi kuna watu waliojenga vyumba vya kupangisha, wengine kwa mikopo na wengine kwa mafao ya kustaafu. Kuna steshenari, mama lishe, saluni na bodaboda. Wote wanamtegemea mteja mmoja.

Mteja huyo aliondoka kwa amri ya siku moja, na hakurudi hadi Juni 1. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya muhula mzima alipumua. Aliyepokea kwa mwezi alibaki na vyumba vitupu. Mwenye steshenari alibaki na mashine ya kurudufu na kodi ya fremu. Masomo kwa njia ya mtandao yalizungumzwa sana, lakini mwanafunzi aliyerudi kijijini Makete au Ludewa na simu ya tochi hakuwa na namna ya kuyafuata. Vyuo vya Mbeya, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, viliacha hali kama hiyo katika mitaa yake.

Funzo kwa mwekezaji ni lile la zamani, ila sasa lina mfano wa karibu. Nyumba yenye vyumba kumi vya wanafunzi si vitega uchumi kumi. Ni kimoja, kwa sababu vyote hupata mpangaji siku moja na kumpoteza siku moja. Vyumba saba vya wanafunzi na vitatu vya wafanyakazi vina mapato madogo kidogo katika mwaka mzuri, lakini havizimiki vyote pamoja.

TUNDUMA: LORI HALIENDESHWI KWA SIMU

Katika mnyororo wote huu kuna mtu ambaye hakuweza kukaa nyumbani hata angetaka. Ni dereva, na utingo wake. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mkoani Songwe. Mei 2020, baada ya maambukizi kuongezeka upande wa Nakonde, Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache, kisha ikaanza kuruhusu mizigo.

Foleni ya malori ni gharama inayohesabika: siku za lori kutofanya kazi, posho ya dereva, mzigo unaochelewa. Ila ipo gharama isiyoandikwa. Madereva walikuwa wa kwanza kushukiwa kila mahali. Walikataliwa vyumba na hata sahani za chakula katika njia ambayo walikuwa wakiilisha kwa miaka mingi. Kila aliyenunua kwa simu Dar es Salaam aliletewa mzigo na mtu aliyelala ndani ya lori.

CHANJO ILIPOFIKA

Kungoja chanjo hapa nchini hakukuwa kungoja meli tu. Januari 27, 2021 Rais Magufuli alitilia shaka chanjo zilizokuwa zikitolewa nje, na mapema Februari Wizara ya Afya ilisema haina mpango wa kuzipokea. Rais Magufuli alifariki dunia Machi 17, 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, iliyowasilisha taarifa yake Mei 17 na kushauri chanjo ziruhusiwe. Julai 24 zilipokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia mpango wa COVAX, na Julai 28 Rais mwenyewe alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam. Waliotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu.

Mjomba alikuwa na sifa mbili kati ya hizo tatu. Alichanjwa Agosti, na Septemba 2021 alipanda basi kuja Uyole kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Alifungua magunia ya katikati kwa mikono yake. Kisha akaniomba nimpeleke kwa familia ya mzee, akatoa rambirambi aliyochelewa kuitoa.

Wapo waliosita kuchanjwa kwa sababu zao, na chanjo haikuwa kinga kamili ya maambukizi. Kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza ugonjwa mkali na vifo. Lakini kwa lugha ya ukurasa huu, mfanyabiashara wa mfano wetu aliyerudi sokoni baada ya kuchanjwa alipata tena shilingi 580,000 kwa kila mzigo, kwa dozi iliyotolewa bure. Vitega uchumi vya namna hiyo ni vichache.

USHAURI KWA MSOMAJI

Mosi, anza sasa kuandika gharama ya ubora. Katika kila mzigo ulionunuliwa kwa simu, andika magunia yaliyolipiwa na magunia yaliyouzika. Baada ya mizigo mitano utajua kama bidhaa yako ni ya aina ya chai, ya mchele au ya viazi.

Pili, nunua kwa kilo, si kwa gunia. Mzani pale Uyole na picha ya mzani huo kwenye simu havitibu kuoza, lakini vinaondoa ugomvi wa ujazo.

Tatu, usitume fedha zote kwa mkupuo. Sehemu ya kwanza mzigo unapochaguliwa, ya pili lori linapoondoka, na sehemu ya ujira mzigo ukishashushwa na kuhesabiwa. Mnunuzi mkweli hatakataa, mradi umemweleza mapema.

Nne, kuwa na watu wawili unaowafahamu katika kila soko, hata kama mmoja unampa kazi mara chache. Mjomba alipoteza nusu ya mtaji kwa sababu alikuwa na mmoja tu.

Tano, mlipe anayesimama mahali pako kwa hatari anayoibeba, si kwa magunia anayohesabu tu. Wakati wa mlipuko ongeza ujira, mpe barakoa na sabuni, mlipie matibabu, na akikuambia leo haendi sokoni, usimtafutie mbadala jioni ile ile. Msomaji anayedhani huu ni ukarimu na arudie hesabu ya magunia 31.